Mavi ya Ng'ombe Yanapika Mtori: Nimeuona Mfuko wa Bayogesi Ukifanya Kazi

Inawaka buluu!

Nianze hapo hapo, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila mtu. Inawaka, tena buluu safi, bila moshi, bila masizi, bila ile harufu uliyokwisha kuikunjia pua kabla hujafika. Nilisimama jikoni kwa mama mmoja huko Machame, mkoani Kilimanjaro, nikatazama sufuria ya mtori ikitokota kwa nguvu ya ng'ombe wawili waliokuwa wakicheua bandani. Nikachungulia dirishani: ng'ombe wale pale. Nikatazama jiko: moto huu hapa. Katikati yao ni mfuko mmoja na bomba la plastiki. Basi! Nimekagua simu, taa za sola na majiko banifu ya kila umbo, lakini ni siku nyingi kifaa hakijanipandisha mzuka namna hii.

Kifaa chenyewe ni mtambo wa bayogesi wa mfuko. Bayogesi si ngeni nchini, na nitafika huko. Kilicho kipya kwa wengi wetu ni umbo hili. Badala ya fundi kuchimba shimo na kujenga kuba la matofali siku nenda siku rudi, unaletewa mfuko ukiwa umekunjwa, unatandikwa kwenye mtaro, unaungwa mabomba, kisha unaanza kulishwa kinyesi. Sitaji chapa. Wanaouza mifuko ya aina hii Afrika Mashariki ni zaidi ya mmoja, kanuni ni ile ile, na ninachokisifia hapa ni kanuni.

Kilichomo kwenye mzigo

Kwanza kuna mfuko wenyewe, wa plastiki nene iliyoimarishwa. Huu wa Machame unabeba lita 6,000 za kinyesi na maji, na juu ya tope hilo kuna nafasi ya gesi kujikusanya. Ukishajaa, mgongo wake mweusi unatokeza mtaroni kama kiboko aliyelala. Ukiubonyeza kwa kiganja unabonyea kidogo, halafu unakurudishia mkono wako. Gesi hiyo!

Kuna bomba nene la kuingizia upande mmoja na la kutolea upande wa pili. Kuna mpira mwembamba wa kupeleka gesi jikoni, jiko la plati mbili, na vitu viwili vidogo ambavyo nusura vinisahaulishe jiko.

Cha kwanza ni kinga ya presha. Najua mnategemea vali ya kisasa yenye springi na geji. Hapana. Ni chupa ya plastiki yenye maji, na ndani yake kijibomba kilichozamishwa sentimita chache tu. Gesi ikizidi mfukoni inayasukuma yale maji, inatoka kwa mapovu, mfuko unapumua, mambo yanatulia. Hakuna betri, hakuna springi ya kulegea, hakuna fundi wa kusubiriwa kutoka mjini. Sharti lake ni moja: maji yasikauke chupani.

Cha pili ni chujio. Gesi ya kinyesi huja na salfidi ya haidrojeni kidogo, ile yenye harufu ya yai viza, nayo inakula chuma cha jiko taratibu mpaka plati zinatoboka. Dawa yake ni stilwaya, ndiyo, hii hii ya kusugulia masufuria, iliyosokomezwa kwenye kipande cha bomba njiani kuelekea jikoni. Chuma chake kinaikamata salfa kabla haijafika kwenye plati. Mama alinifungulia akanionyesha iliyokwisha kazi: nyeusi tititi, ukiishika inamomonyoka vidoleni. Akaweka mpya inayong'aa, akafunga, akanawa mikono. Niambieni ni mtambo gani mwingine wa nishati ambao kipuri chake kinauzwa duka la Mangi!

Ndani ya mfuko kuna nini

Ng'ombe wa maziwa anayefugiwa ndani hutoa kinyesi kilo 20 hadi 30 kwa siku. Hapa huingia kama kilo 40 kila asubuhi, zikikorogwa na maji lita 40 mpaka mabonge yaishe. Vipande vya majani ya kukata vinavyoelea vinatolewa kwa mkono, maana hivyo ndivyo vinavyoziba bomba. Kizibo kinavutwa, tope linateremka, na kazi ya binadamu kwa siku hiyo imeisha.

Kazi ya wengine ndiyo inaanza. Mfukoni hamna oksijeni, na vijidudu wanaoishi humo ni jamaa wa wale walioko tumboni mwa ng'ombe. Kundi moja linavunja wanga, protini na mafuta. Jingine linageuza mabaki hayo kuwa asidi. Kundi la mwisho linazila asidi hizo na kutoa methani, na hao ndio wenye nongwa: wanakwenda polepole, hawapendi baridi, na asidi ikizidi wanagoma. Ndiyo maana mfuko unalishwa kila siku kwa kiasi, usishindishwe njaa wiki nzima halafu ukajazwa kwa mkupuo. Kinachoingia leo kitasafiri humo zaidi ya miezi miwili kabla ya kutokea upande wa pili.

Asilimia 50 hadi 70 ya gesi inayopatikana ni methani, na karibu yote iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Methani hiyo ndiyo ile ile aliyoifuatilia Mtaliano Alessandro Volta mwaka 1776, alipokusanya mapovu ya matope ya Ziwa Maggiore akakuta yanashika moto. Sisi tumefupisha safari tu: ziwa tumeliweka uani.

Sasa hesabu, na hapa ndipo nilipotoa kalamu. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa lita 30 hadi 40 za gesi kama joto linaridhisha. Kilo 40, basi, ni lita 1,200 hadi 1,600 kwa siku. Plati moja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Unapata saa tatu hadi nne za moto kila siku ya Mungu: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, maji ya kuoga, chakula cha jioni. Chukua hata kile kiwango cha chini ukizidishe kwa mwezi: nguvu yake inaufikia mtungi wa kilo 15 wa dukani, na chenji inabaki. Kila mwezi, bila kubeba mtungi mtupu kwenye bodaboda!

Mtihani wa moto

Unawasha kiberiti kwanza, ndipo unafungua koki. Moto unashika kwa mvumo wa chini, ukiongeza koki mvumo unapanda. Presha ni ndogo kuliko ya mtungi, ndiyo maana jiko la bayogesi lina matundu mapana ya kupitishia gesi. Usijaribu kuunganisha jiko lako la mtungi hivi hivi bila fundi kulipanua tundu. Utapata moto wa kinyonge unaozimika kila ukigeuka.

Lita mbili za maji zilichukua dakika kumi na kitu kuchemka. Mtungi ungewahi kidogo, sikatai. Lakini kuni? Kuni zingekuwa bado zinapulizwa. Mtori ulitokota vizuri, ndizi zikalainika mpaka kupondwa, nyama ikaiva plati ya pili. Moto ukipunguzwa unatulia palepale ulipouweka, hauruki wala haushuki, na kwa chapati hiyo ni neema. Maharage makavu ndiyo wezi wa gesi. Mwenye mfuko anayaloweka tangu usiku, la sivyo yatamaliza akiba ya mchana kutwa.

Kilichonishika zaidi ni kitu ambacho hakikuwepo. Macho yangu yalikuwa makavu. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe na zimebaki nyeupe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wengi wao katika nchi ambazo chakula bado kinapikwa kwa kuni, mkaa na kinyesi kikavu. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kitaifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tunapousikia mkakati huo wengi wetu tunawaza mitungi. Mimi siku hizi nawaza mabanda.

Njoo upande wa kutokea

Nilidhani nimeshaona yote. Mama akafunika sufuria, akaniambia, "Mwanangu, moto niliuzoea upesi tu. Njoo nikuonyeshe kilichomfanya mzee akubali."

Kumbe mzee alikuwa amegoma, na hoja yake ilikuwa nzito. Kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, kinaishi kwa samadi. Migomba, kahawa na mboga za chini vyote vinategemea kile kinachotoka bandani. Mtu anakuja na mfuko anasema atageuza samadi kuwa moto: je, migomba itakula nini?

Jibu liko kwenye mizani. Gesi ya siku nzima, hizo lita 1,200 zote, ina uzito wa kilo moja na kitu tu! Umeingiza kilo 80 za kinyesi na maji, na kilo 78 hivi zinatoka upande wa pili. Kilichoondoka ni kaboni, haidrojeni na oksijeni zilizokwenda kuwa moto. Naitrojeni, fosforasi na potashi, ambavyo ndivyo mgomba unavyovitafuta, vimebaki humo. Tena sehemu ya naitrojeni imegeuzwa kuwa amonia, ambayo mizizi inaipokea haraka kuliko ile iliyofungwa ndani ya samadi mbichi.

Nilichota kwa kopo nikanusa. Rangi ni kahawia iliyoiva, tope ni jepesi, harufu ya banda imepungua mno, inanukia udongo uliolowa. Nzi hawakuwa na haja nalo. Shimo la kulipokea limefunikwa makuti ya migomba, na si kwa urembo: amonia hiyo inayopendwa na mizizi inapendwa na jua pia, ukiacha wazi inapaa na kupotea. Mama analichota kwa ndoo akiwa bado na unyevu wake, analimwaga kuzunguka shina, analifukia kidogo. Siku yenye kazi nyingi analichanganya na majani makavu kwenye rundo la mboji.

Kwa hiyo huu si mtambo wa gesi unaotoa taka. Ni kiwanda cha mbolea kinachokupa moto wa bure. Si mimi wa kwanza kuona hivyo: mkulima wa kahawa Tim Hutchinson, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa bayogesi nchini Kenya katika miaka ya 1950, aliinadi mitambo yake kwa mbolea kwanza, gesi ikawa nyongeza. Miaka yote hii tumekuwa tukiusifia mtambo kwa upande wake wa jikoni, na upande wa shambani ndio wenye mali.

Na hewa je?

Methani ikiachwa ipae ni balaa. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja yake inapasha dunia joto takribani mara 27 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi, na kwa kipimo cha miaka 20 ni zaidi ya mara 80. Ukiichoma inageuka kuwa maji na kaboni dayoksaidi, na makali yake yamekatwa. Shangilia, lakini shangilia kwa akili, maana hapa wauzaji wanapenda kutia chumvi.

Sehemu kubwa ya methani ya ng'ombe hutoka mdomoni anapocheua, si kwenye kinyesi. Mfuko hauigusi hiyo hata kidogo. Na kinyesi kilichoanguka malishoni kikakaushwa na jua hutoa methani kidogo tu. Inayotoka kwa wingi ni ya kinyesi kibichi kilichorundikwa au kutuama shimoni pasipo hewa. Mfuko unatengeneza methani kwa makusudi, kwa hiyo kiungo kinachovuja, au mfuko ulioachwa ujae na kutokwa mapovu mchana kutwa kwa sababu hakuna anayepika, unafuta faida yote. Ukiona chupa ya presha inatoa mapovu kila siku, una gesi ya ziada: chemsha maji ya kuoshea vyombo vya maziwa, mpe jirani nafasi apike, au punguza kulisha. Bayogesi ni ya kutumiwa, si ya kuwekwa.

Kasoro, maana zipo

Maji. Lita 40 kila siku ni ndoo mbili kubwa. Mwenye bomba uani hatalihisi, anayepanda na kushuka korongo atalilaani. Mkojo wa ng'ombe ukitiririshwa kutoka bandani unapunguza mzigo kiasi. Maji ya kufulia yaliyojaa sabuni hapana, na dawa ya kuua wadudu ya kuoshea banda hapana kabisa: vijidudu wako watakufa. Ng'ombe akiwa kwenye dozi ya antibayotiki, kinyesi chake kipitie kwenye mboji mpaka dozi iishe.

Baridi. Machame ya juu usiku si mchezo. Vijidudu hawa wanafurahia joto la nyuzi 35 hivi, na likishuka chini ya 15 wanakaribia kulala. Rangi nyeusi ya mfuko inasaidia, na mtaro uliotandikwa makuti makavu chini unasaidia, lakini msimu wa Juni na Julai gesi itapungua. Usiuze mtungi wako. Uweke kona kwa miezi hiyo.

Subira. Ukishajaza mara ya kwanza, unasubiri wiki kadhaa. Gesi ya mwanzo haiwaki, imejaa hewa na kaboni dayoksaidi, inatolewa nje. Ndoo chache za tope kutoka mtambo wa jirani, au uchafu mbichi wa matumboni kutoka machinjioni, huchangamsha vijidudu.

Ngozi ya mfuko. Mbuzi mmoja mwenye kwato na udadisi anatosha. Uzio ni sehemu ya mtambo, uhesabu kwenye bei tangu mwanzo. Na methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 15 hulipuka, kwa hiyo hakuna sigara karibu na mfuko, hakuna kujaribu kiberiti kwenye bomba, na jiko liwe na madirisha.

Halafu bei. Ni hesabu ya milioni, si ya laki, na inalipwa mwanzo. Wapo wanaouza kwa mkopo wa miezi, na wafugaji wengine hukatwa kidogo kidogo kupitia chama chao cha maziwa. Uliza hilo kabla hujauliza rangi ya jiko.

Mfuko au kuba?

Wakongwe watanisuta nisipolisema: mfuko una babu. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, walileta mitambo yenye pipa la chuma linaloelea katika miaka ya 1970. Kisha CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo cha Arusha, kwa kushirikiana na shirika la Kijerumani la GTZ katika miaka ya 1980, ikaunda kuba la matofali lililofukiwa ardhini, na ramani yake ikasambaa hadi nje ya mipaka yetu. Kuanzia 2009 programu ya kitaifa ya bayogesi ya majumbani ikajenga makuba hayo kwa maelfu.

Kuba likijengwa na fundi aliyefuzu linavuka miaka 20, halitobolewi na mbuzi, na kwa kuwa liko ardhini halishtuliwi na baridi ya usiku mmoja. Likijengwa na fundi wa kubahatisha linapata ufa, gesi inavuja, na una shimo la gharama kubwa. Mfuko unatoka kiwandani ukiwa umepimwa, unafungwa haraka, na ukihama unahama nao. Mwenye nyumba ya kudumu na fundi wa kuaminika achukue kuba bila wasiwasi. Mwenye haraka, mwenye kiwanja cha kupanga, mwenye ardhi ya mawe au yenye maji karibu na uso, mfuko ni wake.

Wenye mifugo ya kuhamahama hawana cha kufanya na vyote viwili, maana mavi yao yako porini. Lakini hata kwao kuna mlango: kule Kiserian, nchini Kenya, machinjio ya Keekonyokie ya wafugaji wa Kimaasai hugeuza damu na uchafu wa matumboni kuwa gesi. Ng'ombe anaweza kula porini na bado akachangia moto mahali anapochinjwa.

Hukumu yangu

Nauchukua! Nauchukua kwa moto wa buluu, nauchukua kwa stilwaya na chupa ya maji, lakini zaidi nauchukua kwa lile shimo la mbolea lililofunikwa makuti. Anayenunua kwa ajili ya gesi peke yake atauchoka siku baridi itakapobana. Anayenunua kwa ajili ya shamba hatauacha, kwa sababu hata wiki ambayo jiko linasuasua, migomba inakula.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia muuzaji, nenda bandani kwako ukajibu maswali matatu. Je, una ng'ombe wawili wanaolala na kula ndani, au nguruwe wa kutosha kujaza karai kadhaa? Je, ndoo mbili za maji zinapatikana kila siku, kiangazi na masika? Na je, yupo mtu, mwenye jina, si "tutaona", atakayekoroga kila asubuhi? Ukipata hapana moja, subiri. Ukipata ndiyo tatu, chukua jembe uchimbe mtaro, na uuzungushie uzio kabla mbuzi wa jirani hajasikia habari.